Kambi ya mwezi wa saba na batoto: mbabula, baridi ya usiku na ule mchezo wa gizani

Mudogo wangu, nimesoma swali yako mara mbili. Kwa bengine benye banasoma hapa: ni animatrise (kiongozi wa batoto) mumoja wa Katuba, mu Lubumbashi, iko na batoto karibu makumi ine, ba myaka 10 mpaka 16, banaenda kambi usiku tatu upande wa Kafubu mu mwezi wa saba, batalala mu kalasi za masomo. Anauliza vitu tatu. Anaweza kuweka mbabula (jiko ya makala) mu kalasi usiku juu ya baridi? Mchezo wa usiku afanye ao aache? Na kuko mama mumoja, mutoto wake ni SS (iko na selimundu, ugonjwa wa damu), mama anataka mutoto aende, shefu wa kikundi anakataa. Tena anasema alisoma kitabu ya Ubelgiji juu ya kambi za wakati wa baridi, inaongea paka theluji na vidole kuganda, hajue atoe nini ndani.

Nianze na mbabula, jibu ni hapana. Si hapana ya "labda kama dirisha iko wazi kidogo". Hapana kabisa.

Mi ni infirmiye (muuguzi), na nimefundisha huduma ya kwanza kwa ba shefu ba vijana myaka mingi, na kitu moja naona ni hii: hapa kwetu baridi yenyewe si njo inatisha zaidi. Inatisha ile bantu banafanya juu ya kukimbia baridi. Moshi wa kuni unakohozesha, macho inatoka machozi, kila mutu anatoka nje mbio. Makala hapana. Ikishakuwa nyekundu vizuri haina moshi, harufu karibu hakuna, lakini inatoa hewa inaitwa monoksidi ya kaboni, hauioni, hauisikii mu pua, na ikiingia mu damu inashika nafasi ya oksijeni, juu inang'ang'ania damu kuliko oksijeni mara zaidi ya 200. Mutu hasikii kama pumzi inakosa, anasikia tu kichwa inauma, kizunguzungu, roho kuchafuka, miguu kulegea, alafu usingizi mutamu. Na mwenye alikuwa amelala tayari hakuna kitu itamuamsha. Batoto njo banapatwa mbele ya bakubwa sababu banapumua mbio kuliko siye.

Utasikia mutu anasema "tunaacha makala ikufe kidogo, njo tunaingiza". Zile zenye zimevaa majivu juu njo mbaya, zinaendelea kutoa ile hewa masaa mingi wakati kila mutu anazani zimezimika. Kwa hiyo mbabula inapikia nje, inalala nje, mbali na mulango na dirisha, na mbele ya kulala munamwanga maji. Grupu ya umeme (jenereta) vilevile, musiiweke chini ya dirisha ya kalasi juu ati kelele iko mbali na jukwaa.

Na ukikuta asubuhi batoto batatu ba kalasi moja banalia kichwa pamoja, bengine banatapika, usianze kufikiri malaria ao maharagi ya jana. Toa bote nje kwanza, ata mwenye anasema iko sawa, hesabu, njo ufungue madirisha. Mwenye amezimia umulalishe kwa upande, na bote benye walisikia vibaya baende hospitali, juu hewa ya nje peke yake inakawia sana kutoa ile sumu mu damu, hospitali banaharakisha na oksijeni.

Sawa, sasa kama hakuna mbabula, batalala aje? Hapa bazazi wengi banakosea, banatuma blangeti mbili nzito na mutoto anajifunika zote mbili juu, analala juu ya sima (simenti) ya chini. Sima inakunywa joto ya mwili usiku muzima. Blangeti moja chini na moja juu inashinda mbili juu. Chini ya blangeti weka karto, mifuko ya unga yenye ilibaki bila kitu, mikeka, kitu yoyote kavu, ukipata majani kavu ni vizuri lakini ikung'utwe mchana, si usiku, juu ya siafu na vitu vingine. Batoto balale karibu karibu, kila mumoja na blangeti yake, bana ba kike kalasi yao na animatrise wawili, bana ba kiume kalasi yao na ba animateri wawili, na hakuna mukubwa anabaki peke yake na mutoto usiku, ata kwa kumupeleka choo. Choo baende watatu na torshi. Hii haina uhusiano na baridi lakini giza ni giza, na mama atakuuliza.

Kitabu yako ya Ubelgiji haina mubaya, ni kwamba inaongea inchi yake. Kidole kugandishwa inataka baridi chini ya sifuri, na mu Lubumbashi hautaiona. Lakini kupoteza joto ya mwili haingojee sifuri, mudogo. Mwezi wa saba kwetu mbingu iko wazi, hakuna mawingu, udongo unatoa joto yote juu, mchana unakuwa digri 25 na kitu, asubuhi inashuka chini ya 10. Mutoto anatoka Katuba saa nane na tisheti, anaona jua, anasema puluveri ya nini. Ukiongeza nguo yenye maji, upepo kidogo na uchovu, digri 8 inatosha kabisa kuangusha mutoto wa kilo 30. Maji inatoa joto ya mwili mara karibu 25 kuliko hewa kavu, njo maana nguo ya jasho ni adui kuliko upepo.

Na jasho inatoka wapi? Mu mchezo wa usiku. Batoto banakimbia saa nzima, banatoka maji, alafu shefu anasema sasa kujeni ku moto, veye (mukesha), tunaimba. Banakaa chini, mbele banachomeka, mgongo inapoa, saa moja, saa mbili, alafu banaingia kulala na tisheti ileile. Asubuhi nusu wanakohoa, mwenye asma ameshaanza kupiga filimbi mu kifua. Mi napanga hivi: mchezo mapema, saa moja ya usiku, jua inaingia karibu saa kumi na mbili kwa hiyo giza iko tayari. Kiisha mchezo, bote bakuye kubadilisha nguo, yote, mpaka soksi, hii unasimamia kama mwalimu mukali, usiamini mutu anasema "nimebadilisha". Kiisha uji wa moto na sukari, karanga. Kiisha moto na nyimbo, lakini fupi, na blangeti ku mgongo. Kiisha choo, kiisha kulala na boneti ku kichwa na soksi kavu yenye haikutumika mchana. Soksi ya kulala iandikwe mu lisiti (orodha) ya bazazi peke yake, la sivyo hawaleti.

Uchague pia fasi ya kukaa. Hewa ya baridi ni nzito, inashuka mu mabonde. Kama muko karibu na dambo (bonde ya maji maji) ao mto, panda kidogo, ata mita kumi juu ya ile nyasi ya chini unasikia tofauti ku uso. Saa mbaya ni kutoka saa kumi mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, hapo njo mwenye zamu anapita na torshi imefunikwa na kitambaa, anagusa tu shingo za badogo, haamshe mutu.

Dalili za baridi kuingia ndani: kwanza kutetemeka, hiyo ni mwili unapigana, si mbaya sana bado. Alafu mikono inashindwa kufunga kifungo, ulimi unakuwa nzito, anajikwaa, anakuwa na kasirani bila sababu ao anajitenga kimya. Huyu kimya mumuangalie kuliko mwenye analia. Na mwenye aliacha kutetemeka lakini bado iko baridi na anaongea ovyo, hapo joto ya ndani inaweza kuwa imeshuka mbali chini ya 35, ni ya hospitali na mbio. Mbele ya gari ifike: fasi kavu, toa nguo yenye maji, mufunike kifua na kichwa, mukubwa ao mutoto mwenye joto akae karibu naye ndani ya blangeti mbele ya bengine, maji ya moto na sukari kama anaamka vizuri na anameza. Usimusugue mikono na miguu, usimuweke karibu kabisa na moto, na ile mambo ya kumupatia lutuku kidogo "ipashe damu" iachwe. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, anasikia joto, na joto ya ndani njo inatoka.

Kitu moja kitabu yako haikusema juu Ubelgiji haina: malaria. Mutoto anatetemeka saa tano ya usiku, kila mutu anasema baridi. Weka termometre. Kama ni 39, hiyo si baridi, na blangeti tatu zitamuzidishia. Termometre moja ya kawaida inauzwa bei ndogo mu farmasi, na bila hiyo unabahatisha. Na moskitera zibakie, ata kama ba shefu banasema mu kipwa (wakati bila mvua) imbu hakuna.

Mchezo wa usiku: fanya. Mi siko mu kundi ya bale banakataza kila kitu, batoto ba mugini banahitaji kujua giza, na mwenye hajawahi kutembea usiku na kundi yake atatembea siku moja na kundi mubaya. Lakini uwanja wa mchezo unatembelewa mchana, kwa miguu, na mutu wa kijiji, si na wewe peke yako na simu.

Sababu kwetu usiku hauogopi nyama, unaogopa mashimo. Pande zote za Lubumbashi kuko mashimo ya kutoa udongo wa matofali, visima bila kifuniko, na mu fasi zingine zile shimo za bakrezeri (bachimbaji ba madini kwa mikono), zenye zinashuka mita nyingi na majani imefunika mdomo. Hauitaji kuyajua yote, unahitaji kutafuta kipande moja ya ardhi chefu wa kijiji anasema ni safi na muipite mistari mistari mchana na ba animateri bote. Kuko tena tanuru za makala. Benye kuchoma makala banafunika kuni na udongo, wakishatoa makala panabaki duara ya udongo mweusi yenye inaonekana imepoa, na chini ni majivu ya moto siku nyingi. Mutoto anaikanyaga na kandambili, anaingia mpaka kifundo. Ukiona duara nyeusi mu pori, ata ya zamani, unaitoa mu uwanja na kamba. Kwa hiyo pia hakuna kandambili usiku, viatu bya kufunga ao hakuna mchezo.

Uwanja uwe mudogo kuliko unavyotaka. Weka kamba na vitambaa vyeupe ku mipaka, torshi moja ku kila kona na mukubwa pembeni yake, na moto ao taa moja kubwa katikati yenye inaonekana kila fasi. Chagua usiku wenye mwezi, kalenda inakuambia, kambi za mwezi mupevu ni nusu ya kazi imefanyika. Batoto wawili wawili, hawaachane, mukubwa na mudogo, kila jozi na filimbi. Filimbi tatu ni "naomba musaada", na mbele ya kuanza mchezo bapige yote mara moja, bacheke, njo bajue sauti yake. Sheria ya mutoto mwenye kupotea ni moja: anasimama, anakumbatia muti, anapiga filimbi, hatembee. Hesabu batoto mbele, katikati, na kiisha, kwa majina na lisiti, si kwa macho. Kama jozi moja inakosa, mchezo unasimama, bengine bote banarudi ku moto na wakubwa wawili, na bakubwa benye banabaki njo banatafuta, kila wawili na torshi, na mumoja anabaki ku moto na simu. Kundi muzima kuingia porini kutafuta mutoto mumoja, hapo njo unapoteza watatu.

Nyoka: wakati wa baridi zinapunguza kutembea, lakini pili ile kubwa yenye inalala ku njia haikimbie mutu, inabakia tu pale, njo inakanyagwa. Torshi ku miguu, si ku uso wa mwenzako. Ikiuma mutu: usikate, usifyonze, usifunge kamba, lile jiwe nyeusi bantu banaweka ku kidonda ubakie nalo nyumbani. Mutoto alale, mguu usitembee, funga na kijiti, toa bangili na viatu, gari.

Moto wa kambi mu kipwa ni kitu ya kuheshimu, juu nyasi yote ni petroli sasa. Safisha duara mpaka udongo, karibu mita tatu kila upande, bido (jerikani) mbili za maji na mchanga pembeni mbele ya kiberiti, na kama upepo unatupa cheche, hakuna moto usiku ule, mutaimba na torshi. Esansi (petroli) haigusi moto. Haigusi ata kuwasha, ata kidogo, ata kama kuni imelowana na shefu anajua "namna yake". Mvuke wa esansi unawaka mbele wewe hauja ona, na mwenye anashika bido njo anaungua. Mutu akiungua ni maji ya baridi ya kutembea dakika 20, sehemu ingine ya mwili ifunikwe isipate baridi, na hakuna dentifrisi (dawa ya meno), hakuna mafuta, hakuna tomati.

Barabara: usiku hamutembee ku barabara kubwa. Ni hivyo tu. Kama lazima mukatishe ao mufuate kipande, upande wa kushoto, mukiangalia gari zinakuja, mustari moja, nguo nyeupe ku wa mbele na wa nyuma, torshi mbele na nyuma. Vumbi ya mwezi wa saba inazima taa za gari mita chache tu.

Ba shefu balale pia. Naona kambi kila mutu anakesha usiku wa kwanza na usiku wa tatu hakuna mwenye akili. Zamu za saa mbili, wawili wawili, gari ao pikipiki inalala ku kambi na esansi ndani, dereva wake hanywe, simu moja imejazwa na kuzimwa, iwekwe ndani ya blangeti juu baridi inakula bateri, na mujaribu rezo (mutandao wa simu) mchana, mujue ni pa kichuguu gani inashika. Centre ya santé ya karibu mupite muisalimie siku ya kwanza, muulize kama usiku kuko mutu.

Sasa huyu mutoto wa SS. Shefu wako anaogopa, namuelewa, lakini kukataa si jibu. Kwa mutoto wa SS baridi si mambo ya kutetemeka tu. Mishipa inabana, damu inapita polepole, zile chembe zinakuwa na umbo ya mundu, zinakwama, njo maumivu ya mifupa inaanza, na kukosa maji mwilini, uchovu na homa vinafanya kazi ileile. Kwa hiyo yeye njo mutu moja ku kambi kwenye baridi kweli ni ugonjwa, na karibu kila kundi ya vijana hapa iko naye, ata kama mama hakusema, na wengine hawajue wenyewe.

Ongea na mama peke yake, si mbele ya kikundi. Uliza mara ya mwisho alipata krizi lini. Kama ametoka hospitali juzi ao sasa iko na homa, abakie nyumbani, hapo shefu iko sawa. Kama iko vizuri na muganga wake anakubali, aende, lakini: anapata matela ao fasi mbali na mulango, blangeti yake moja zaidi, chupa ya maji ya vuguvugu ndani ya soksi ku miguu (kifuniko kimegeuzwa chini kujaribiwa mbele, maji isichemke), anakunywa maji kutwa na mutu anahesabu, juu mu baridi batoto hawasikii kiu. Haogei mto. Mu mchezo anakuwa mulinzi wa moto ao mwenye kushika saa na lisiti, kazi ya heshima, si ya kukaa pembeni kuhurumiwa.

Akianza kusema mgongo ao magoti inauma, usingoje asubuhi ione: joto, maji, paracetamol kwa kipimo mama aliandika, na umwambie mama kwa simu. Homa ya 38 na nusu, kifua kuuma ao pumzi fupi, mukono ao mudomo kulegea upande moja, macho kuwa njano ghafla ao midomo kuwa nyeupe, hapo hakuna mashauri ya ba shefu, ni gari mpaka hospitali Sendwe ao ingine yenye mulikubaliana na mama, mu usiku uleule. Karatasi yake yenye kundi ya damu, dawa na namba ya muganga, pamoja na dawa zenyewe, zibakie mu mufuko wako ku shingo, si mu valizi yake, juu saa nane ya usiku na torshi moja hautapata kitu mu valizi ya mutoto.